Kutoka Alama ya Kidole hadi Lenzi ya Simu: Picha za Karibu Katika Mitaa ya Eastlands

Picha ya kwanza ya karibu kuchukuliwa kwa wakazi wa mashariki ya Nairobi haikuhitaji kamera. Ilihitaji wino mweusi, karatasi, na karani wa kumshika mtu mkono. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1919 na 1920, ikaanza kuuma. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, hati yenye jina lake, kabila lake, wilaya yake, mwajiri wake, mshahara wake, na alama za vidole. Wengi walikitia kipande katika kikopo cha bati wakakining'iniza shingoni. Serikali ilipoifungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe mtaa rasmi wa Waafrika, wapangaji wake waliingia wakiwa na vikopo hivyo. Mwanaharakati Harry Thuku alikuwa amekwisha kuifanya chuki ya kipande kuwa hoja ya mikutano yake, na Machi 1922, alipokamatwa, umati uliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi ulimiminiwa risasi.

Wapiga picha wana kipimo chao. Picha huhesabiwa kuwa makro hasa pale kitu kinapotua kwenye filamu, au kwenye kihisio cha kamera ya leo, kwa ukubwa wake halisi: mdudu wa milimita 10 achukue milimita 10 za filamu. Kwa kipimo hicho alama ya kidole ni makro isiyo na kasoro. Mistari yote ipo, kwa ukubwa wake, wala hakuna sehemu iliyo nje ya fokasi. Utaratibu wenyewe ulipevushwa na maofisa wa Kiingereza huko Bengal, na polisi wa London wakauchukua mwaka 1901 kwa ajili ya wahalifu. Huko Nairobi utaratibu huo uliwekewa vibarua na wapishi.

Eastlands, basi, ilisogelewa kwanza na dola. Ninavyoiona, historia ya picha za karibu katika mitaa hii ni historia ya wakazi kuinyakua polepole ile nafasi ya kusogea, kwa vifaa vya bei ya chini na mara nyingi kwa kubahatisha.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwasajili watu wa rangi zote, na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Walowezi wa Kizungu, ambao kwa karibu miaka 30 hawakuona ubaya wowote katika vidole vya wapishi wao kupakwa wino, walipiga kelele vilipofikiwa vyao. Wakasema wanafanywa wahalifu. Serikali ikaunda tume, ikalegeza kamba: anayejua kujaza fomu kwa Kiingereza angeweza kutoa picha na sahihi yake badala ya alama za vidole. Kwa hiyo picha ya uso iliingia katika vitambulisho vya Kenya ikiwa heshima ya mwenye elimu na mwenye ngozi nyeupe, na kidole kikabaki cha wengine. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa picha kuwa cheo.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya waasi. Kutoka Bahati hadi Kariokor watu walitolewa majumbani, wakapangwa foleni, hati zao zikakaguliwa, na maelfu wakapelekwa vizuizini. Siku hizo uhai wa mtu ulitegemea karatasi aliyoishika.

Kamera za wakazi wenyewe zilikuja kwa mlango mwingine. Brownie ya Kodak, iliyotoka Marekani mwaka 1900 kwa bei ya dola 1, ilikuwa sanduku lenye lenzi isiyozungushwa. Ukimsimamisha mtu hatua tatu nne mbele yako, alitoka sawa. Ukimsogelea, alitoka ukungu. Kodak wakauza kioo kidogo cha kuvisha juu ya lenzi ili mtu apigwe uso akiwa karibu, na kanuni ya kioo hicho haijabadilika hadi leo: kioo chenye nguvu ya +1 huisogeza fokasi hadi mita 1, cha +2 hadi sentimita 50, cha +4 hadi sentimita 25. Mwenye miwani ya kusomea anazijua namba hizo kutoka kwa daktari wake wa macho, maana ni zilezile.

Katika studio, hata hivyo, uso mtupu haukuwa na soko kubwa. Tazama albamu yoyote ya Jericho, Kaloleni au Shauri Moyo. Mtu alitaka viatu vyake vionekane, suruali yake, saa mkononi, redio mezani, pazia lililochorwa ziwa au ndege nyuma yake. Alilipia mwili mzima, toka wayo hadi utosi. Uso peke yake ulikuwa wa ofisi: picha ya pasipoti, nakala nne kwenye bahasha ndogo, moja ya fomu ya kazi, nyingine ya shule, zilizobaki zikakaa kwenye Biblia au kwenye droo. Sheria ya usajili iliporekebishwa mwaka 1978 na kuwaingiza wanawake, foleni ya picha za kitambulisho ikapanuka. Kwa akina mama wengi wa mitaa hii, picha hiyo ya sentimita chache ndiyo waliyopigwa kwa karibu maisha yao yote, tena wakiwa wamekatazwa kucheka.

Mitaa hii imetoa pia majina makubwa. Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na akiwa mtoto wa shule alianza na Brownie iliyokwisha kutumika. Dunia inamkumbuka kwa picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 na kwa kifo chake katika ajali ya ndege pwani ya Komoro mwaka 1996. Lakini ukaribu wa Amin ulikuwa wa miguu. Alitembea hadi alipo mtu, akapiga. Suala la kamera ndogo mikononi mwa wasio na kazi ya gazeti lilikuwa bado halijajibiwa.

Jibu lilianza Mathare, ng'ambo ya Barabara ya Juja kutoka Eastleigh. Tangu 1987 kulikuwa huko na chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa na Mkanada Bob Munro, ambamo timu zilipata pointi kwa kufunga mabao na pia kwa kuzoa taka. Septemba 1997 mpiga picha Lana Wong, akishirikiana na Francis Kimanzi, ambaye baadaye angekuja kuwa kocha wa timu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars, aliwapa wavulana na wasichana 31 wa miaka 12 hadi 17 kamera za plastiki zenye thamani ya kama dola 30 kila moja. Mradi uliitwa Shootback. Vijana walipiga picha na kuandika habari zake wao wenyewe, na mwaka 1999 kikatoka kitabu kwa jina hilohilo.

Wengi wamekisifu kitabu hicho kwa sababu ya huruma. Mimi nakisifu kwa sababu ya umbali. Magazeti yalizoea kuipiga Mathare kutoka juu, kando ya barabara kuu, mabati yakitanda kama bahari, binadamu hawaonekani. Wale vijana walipiga kutoka ndani ya chumba, ambapo hakuna nafasi ya kurudi nyuma hata ukitaka. Kamera za bei hiyo kwa kawaida hazina pete ya fokasi na hazivumilii kusogea sana, kwa hiyo mpigaji hujifunza kwa mguu na jicho mahali ukungu unapoanzia. Hilo ni somo la kwanza la picha za karibu, na hakuna mwongozo unaolifundisha vizuri kuliko filamu iliyoharibika.

Msimu uleule, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mgeni mwingine Nairobi. Mdudu mwembamba wa milimita 7 hadi 10, mwekundu kwa mweusi, aliingia majumbani akifuata taa, na asubuhi watu wakaamka na malengelenge shingoni na machoni. Ni Nairobi fly, na licha ya jina si nzi. Ni mbawakawa wa jamii ya Paederus. Haumi wala hachomi. Sumu yake, iitwayo pederini, imo mwilini mwake, nawe unajipaka mwenyewe unapomponda usingizini. Mdudu huyu amebeba jina la jiji duniani kote, lakini waliowahi kuuona uso wake ni wachache, kwa kuwa desturi ni kumzimia taa na kumpuliza.

Kwa anayeanza, yeye ni mfano mzuri mno. Mweke kwenye sahani nyeupe kwa kumpandisha juu ya kipande cha karatasi, kamwe si kwa kidole. Katika ukubwa wake halisi atachukua karibu robo ya urefu wa picha ya filamu ya milimita 35. Hapo utagundua mambo mawili. Kwanza giza: ili kufikia ukubwa huo kwa kuisogeza mbele lenzi ya kawaida, umbali wake kutoka kwenye filamu huongezeka mara mbili, na mwanga unaofika hubaki robo. Pili wembamba: hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/8, sehemu iliyo katika fokasi haizidi sana milimita 1. Jicho likitoka safi, mkia umepotea. Ndiyo maana mpigaji hujipanga ubavuni mwa mdudu, sambamba na mwili wake, na hupiga alfajiri. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwa baridi ya Juni au Julai mdudu huwa hana haraka kabla jua halijapanda.

Wataalamu wa viumbe hawa hawako mbali. Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, mwaka 1970, na makao yake ya Kasarani yanaitwa Duduville. Na kwa asiyetaka sumu, nyuki wapo: Dandora, mtaa wa viwanja vya mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, ina nyua ambazo vijana wamezigeuza bustani, ingawa jina la mtaa bado linaamsha harufu ya jaa.

Vifaa visikutishe. Simu nyingi za bei nafuu zilizotoka kuanzia 2019 au 2020 zina lenzi ya makro ya megapikseli 2, na kwa maoni yangu nyingi kati ya hizo ni pambo la kuuzia. Lenzi kuu ya simu hiyohiyo, ikivishwa kioo cha fundi wa saa, huishinda. Hata tone la maji juu ya lenzi, simu ikishikwa bapa, hufanya kazi ya kioo kwa dakika chache. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi atafute pete ya kugeuzia, aivishe lenzi ya milimita 50 kinyumenyume. Matokeo yake huwafedhehesha wenye lenzi za bei mbaya. Kisha asizungushe chochote. Asogee yeye, mbele na nyuma, kidogo kidogo, viwiko vikiegemea magoti.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo ningeitanguliza kabla ya wadudu wote. Mtaa wa zamani wa Pangani umekwisha kubomolewa na magorofa yamesimama mahali pake. Mipango ya kuijenga upya mitaa mingine ya baraza la jiji imezungumzwa kwa miaka mingi. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zina komeo, bawaba na mawe ya kuchonga kwa mkono ambayo hakuna kumbukumbu itakayoyataja yakishavunjwa. Na mle ndani, chini ya vitanda, zimo picha za studio zinazofifia. Kuzinakili ni kazi ya picha za karibu kama nyingine yoyote. Ilaze picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, shika simu sambamba nayo, rudi nyuma kidogo na uvute kwa zumu ili pembe zisipinde. Geuza, piga na maandishi ya nyuma. Kama hakuna maandishi, muulize nyanya au babu leo, uandike kwa penseli laini jina, mtaa na mwaka, kisha nakala moja umpelekee jamaa anayekaa nyumba nyingine.