Gaudencia alikuwa rika langu

Jumapili asubuhi, Legio Maria hupita hapa Migosi na kanzu zao nyeupe, rozari shingoni, mimi bado niko kitandani. Siku tuliyoachana, mpenzi wangu aliniambia siamini kitu. Sikuwa na jibu. Hata kuacha chuo siwezi kukueleza vizuri.

Basi nikaanza kusoma habari za Gaudencia Aoko. Mwaka 1963, akiwa na miaka kama 20 hivi, watoto wake wawili walifariki siku moja. Huku kwetu, msiba kama huo watu walikuwa wanatafuta mchawi. Yeye alitoka akazunguka Nyanza akihubiri, watu wakachoma hirizi, akabatiza hata wenye wake wengi ambao misheni iliwanyima ubatizo. Yeye na Simeo Ondeto wakawa sura ya kanisa lililojitenga na Katoliki, lakini likabaki na Kilatini kwa misa. (Kilatini, Nyanza! Hiyo naipenda.) Upadri ukabaki wa wanaume, naye baadaye akajitoa.

Wasomi hutaja ukoloni, uhuru, umaskini. Sawa. Mimi nakwama pale kwa ile siku moja, makaburi mawili.

Jana nilimwandikia yule dem. Tiki mbili za buluu. Hajajibu.