Kosa la Mbegu

Mwaka juzi nilimpelekea jirani yangu hapa Gongo la Mboto fungu la pingili za muhogo. Nilizikata kwenye mashina yangu nyuma ya nyumba, nikajiona muungwana kweli. Majani ya chini yalikuwa na unjano kando ya mishipa, nikasema ni jua tu. Alipokuja kuvuna, muhogo ulikuwa mzuri kwa nje. Kuumenya sasa: mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa.

“Mwanangu,” akaniambia, “udongo hauna kosa. Kosa la mbegu.”

Yaani nilimpa ugonjwa kama zawadi.

Unaitwa michirizi ya kahawia, na historia yake iliyoandikwa inaanzia hapahapa kwetu. Kule Amani, Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, aliueleza ugonjwa huo na kuutenga na batobato, ambayo Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameiandika tangu 1894. Yote mawili ni magonjwa ya virusi na yote hubebwa na inzi weupe, wale wadudu wanaoruka kama vumbi la unga ukitikisa majani. Lakini inzi hafiki mbali. Safari ndefu, ya kutoka wilaya moja hadi nyingine, tunaifanya sisi, na pingili zetu kwenye kiroba.

Mmea ukishaingiwa na virusi, hakuna dawa ya kuupulizia ukapona. Watu wa Amani wakaona bora watafute muhogo unaohimili. Wakaenda kwa ndugu yake: mti wa mpira wa Ceará, kutoka Brazil. Wajerumani waliupanda kwa wingi ili wauze utomvu wake, hadi bei ilipoanguka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Wenye mashamba walifilisika, miti ikabaki. Bibi zetu wakaipatia kazi nyingine: wakachuma majani, wakatwanga, wakaunga nazi. Ndicho kisamvu cha mpira. Nimekila tangu utotoni bila kujua kwamba mti ule wa uani una undugu na muhogo.

Mpira hauna mizizi ya kuliwa ya maana. Kwa hiyo uzao wake ulirudishwa kwa muhogo tena na tena, ukichujwa kila mara. Mmoja wa wajukuu hao uliandikwa kwa namba tu: 46106/27. Miaka ya 1950 kazi ile ilisitishwa.

Hadithi ingeishia kwenye makabati ya Amani, lakini wakulima walikuwa wameshaupata muhogo. Pwani ya Kenya kuna muhogo uitwao Kaleso, na Tanzania kuna Namikonga, yote inayosifika kwa kuuhimili ugonjwa huu. Watafiti wanaamini Kaleso ndiyo ile 46106/27, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja. Muhogo ulipoteza namba, ukapata majina, ukapita shamba kwa shamba, mkono kwa mkono.

Hapo ndipo nilipojisamehe kidogo. Kupeana mbegu ndiko kulikosambaza ugonjwa, na ndiko kulikohifadhi kinga yake. Tukiacha kupeana, tutapoteza vyote. La kufanya ni kupeana kwa macho makavu: ukiona shina lina unjano au michirizi, ling'oe, usilionee huruma. Na kabla ya kukata pingili, fukua mizizi ya shina lilelile uikate uone ndani.

Mashina yangu ya zamani niliyang'oa yote, nikaanza upya na mbegu safi. Msimu huu nimerudi kwa jirani. Nilimwamkia, nikamwita uani kwangu, nikang'oa shina na kuukata muhogo mbele yake. Aliukagua kipande kwa kipande, mweupe mpaka mwisho.

Ndipo akapokea pingili.