Kudai Fidia ya Jeraha: Funzo la Wazee wa Mau Mau

Barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge hupita hapa Magara. Mtu akigongwa na gari, mara nyingi huambiwa ni mapenzi ya Mungu, na jambo likaishia hapo. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha Kanuni ya Madai ya Burundi, chenye asili katika amri ya mwaka 1888 iliyotungwa kwa ajili ya Kongo, humtaka aliyemdhuru mwenziwe kwa kosa lake amlipe fidia. Anayedai huitwa mdai. Anayedaiwa huitwa mdaiwa. Je, mdai atarajie nini? Historia ina jibu.

Juni 2009, Wakenya watano wazee waliidai serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Walisema waliteswa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952. Walikawia, kwani Mau Mau ilibaki marufuku nchini mwao hadi mwaka 2003.

Tarajia kwanza kwamba mdaiwa atatafuta mlango wa kutokea kabla jeraha lako halijazungumzwa. Uingereza ilidai kwamba dhima, yaani wajibu wa kulipa, ilihamia Kenya wakati wa uhuru wa 1963. Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo.

Ukaja ukuta wa pili: ukomo, yaani muda ambao ukipita madai hayapokelewi. Kwa jeraha la mwili, sheria ya Uingereza hutoa miaka 3, ingawa jaji aweza kuurefusha. Oktoba 2012 jaji aliwaruhusu wazee kuendelea, kwa kuwa kumbukumbu za maandishi zilikuwa nyingi. Miongoni mwake yalikuwamo majalada yaliyoondolewa Kenya na kufichwa kwa miongo kadhaa, kisha yakafichuliwa Hanslope Park mwaka 2011. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, kesi nyingi huishia katika maridhiano. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa wadai 5,228. Haikukiri dhima. Tena, si wazee wote watano walioishi kuiona siku hiyo.

Wengine zaidi ya 40,000 walifuata nyayo zao. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliwakatalia: miaka ilikuwa imepita mno, na mashahidi wengi walikuwa wamekufa.

Basi, ukiumizwa, omba cheti cha daktari siku hiyohiyo. Toa taarifa polisi, andika majina ya walioshuhudia, tunza kila risiti ya matibabu. Kisha muulize wakili mapema: ukomo wa madai yangu ni lini? Uchungu wako wajua wewe. Mahakama hujua kilichothibitishwa, tena kwa wakati wake.