Waliotembea Kandokando ya Mto: Kutoka Nyangwe hadi Boma, 1876–1877



Mtu akiuliza ni nani aliyeufuata mto wetu mpaka baharini, jibu hutoka upesi: Stanley. Ndivyo tulivyofundishwa sisi wa umri wetu, na ndivyo tulivyofundisha wengine kwa miaka mingi. Jibu hilo si uongo, lakini limepunguka. Mtu mmoja hawezi kubeba mashua, vitambaa, shanga, bunduki na wagonjwa. Tuwatazame basi wale waliobeba.

Mto wenyewe huanzia nyanda za juu za Katanga kwa jina la Lualaba. Huelekea kaskazini, hupita Maniema, hufika Kisangani, kisha hugeuka magharibi. Huvuka ikweta mara mbili kabla ya kuingia baharini karibu na Banana. Kwa sababu ya kuelekea kaskazini, Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871, alidhani huenda ndio Nili. Cameron alifika hapo mwaka 1874, akakosa mitumbwi, akaenda zake kwa njia ya kusini. Wenyeji hawakuwa wajinga wa mto wao: Wagenia walijua maporomoko yao, na kila kabila la ukingoni lilijua sehemu yake. Ila hakuna aliyekuwa amezipitia sehemu hizo zote kwa safari moja.

Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Wengi wa watu wake walikuwa Wangwana wa Unguja na wa pwani, pamoja na Wanyamwezi, chini ya mkuu wao Manwa Sera. Baadhi yao walifuatana na wake zao na watoto wao. Tarehe 5 Novemba 1876 waliondoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip, wakaingia msitu mzito ambamo jua halikuonekana. Kabla mwaka haujaisha Tippu Tip alirudi nyuma.

Hapa inatupasa kusema kweli yote. Tippu Tip alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Katika soko la Nyangwe, mwezi wa Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyakula. Kwa hiyo vijiji vilivyoushambulia msafara wa Stanley mtoni vilikuwa vikilinda makao yao, na wenyeji wengi waliuawa kwa bunduki. Kiswahili tunachokiandika hapa kilifika Maniema kwa misafara ya namna hiyo. Tumerithi lugha njema kwa njia iliyojaa damu.

Mwezi wa Machi 1877 walifika kwenye ziwa pana la mto tunaloliita leo Pool Malebo. Toka hapo mto huteremka kwa maporomoko mfululizo mpaka karibu na Matadi. Mashua hazikuweza kupita. Watu wakakata njia katika vichaka, wakatandaza magogo, wakaburuta mitumbwi kwa kamba juu ya vilima, kisha wakairudisha majini palipokuwa na utulivu. Kazi hiyo ilichukua miezi. Tarehe 28 Machi kijana Kalulu alichukuliwa na maji pamoja na wenzake. Tarehe 3 Juni alizama Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki na Stanley.

Stanley mwenyewe anasimulia habari ya Uledi, nahodha wa mashua. Huyo alikuwa amewaokoa wenzake wengi wasizame. Siku moja, katika wakati wa njaa, alikutwa ameiba shanga, nazo ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula cha wote. Wenzake wakamhukumu apigwe. Ndipo Shumari, ndugu yake, akasimama na kuomba apigwe yeye sehemu ya viboko. Na Saywa, jamaa yao, akaomba vivyo hivyo. Adhabu ikafutwa. Tunaona hapa watu ambao hawakuuficha wizi, wala hawakumwacha mwizi peke yake.

Mwisho wa Julai waliiacha mashua juu ya maporomoko ya Isangila, wakaendelea kwa miguu. Tarehe 4 Agosti hawakuweza kuendelea tena kwa njaa. Stanley akaandika barua kwenda Boma, kwa Mzungu yeyote ajuaye Kiingereza, akitaja roho 115 zilizobaki. Uledi alijitolea kuipeleka, pamoja na Kacheche na wenzao. Tarehe 6 wapagazi walirudi na mchele, samaki na viazi. Tarehe 9 Agosti 1877 msafara ukaingia Boma. Safeni, aliyesafiri nao tangu mwanzo, hakuingia: aliposikia kwamba bahari i karibu, akili zilimruka, akakimbilia porini na kasuku wake begani, asionekane tena.

Safari hiyo ilizaa nini? Mwaka 1879 Stanley alirudi kumtumikia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Njia ya maporomoko ikawa njia ya wapagazi wa Kikongo, waliobeba mizigo ya wengine vichwani mpaka reli ya Matadi ilipokamilika mwaka 1898. Wengi walifia njiani. Wale Wangwana hawakuulizwa jasho lao litatumiwa kwa kazi gani. Nasi tujiulize kila tunapoitwa kubeba mzigo: ni wa nani, na unakwenda wapi?

Majina hayakupotea yote. Stanley alichapisha orodha ya waliokufa mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1878. Sisi walimu ndio tuliofundisha jina moja tu. Tunawaomba basi, katika mkutano wenu ujao, kila mmoja alete jina la mzee wa jamaa yake aliyebeba mizigo, aliyejenga barabara au aliyelima shamba la lazima. Yaandikeni katika daftari la kikundi, na mahali alipotoka, na mahali alipofika.