Mbegu na Chakula: Ghana na Korea ya Kusini

Mkulima mwenye busara hali mavuno yake yote, huweka mbegu. Mataifa nayo hufanya vivyo hivyo: fungu moja la mapato huliwa, na fungu jingine hutiwa katika viwanda, barabara na mitambo, lipate kuzaa.

Katika mwaka wa 1960 Ghana ilitenga zaidi ya sehemu 20 katika kila 100 za mapato yake. Korea ya Kusini, iliyobomolewa na vita vya 1950 hata 1953, ilitenga kama 10 tu. Lakini bei ya kakao, tegemeo la Ghana, ilianguka, na askari wakaipindua serikali 1966, 1972, 1979 na 1981. Mwaka wa 1982 fungu lile la mbegu halikufika hata 5. Wakorea nao, kwa akiba, mikopo, na jasho la wafanyakazi wa ujira mdogo, walilipandisha lao hata likawa karibu 40 mwaka wa 1991.

Basi twaona ya kuwa kuanza vema hakutoshi. Bwawa la Akosombo, lililomalizika 1965, lingali likiipa Ghana umeme. Lakini shamba hutaka mbegu kila mwaka.