Safari ya Istilahi "Waziri Mkuu" katika Historia ya Kenya

Msomaji anapokutana na istilahi "Waziri Mkuu" katika maandishi ya Kenya, hana budi kuuliza kwanza: maandishi haya yanahusu mwaka gani? Istilahi hiyo imetumika kwa nyadhifa mbili ambazo misingi yake haikuwa sawa, na asiyezitenganisha hupotoka katika kuisoma historia.

Neno "waziri" limetoka katika Kiarabu. Katika dola za Kiislamu za kale, waziri alikuwa msaidizi wa mtawala: aliteuliwa naye, akatenda kwa niaba yake, na aliweza kuuzuliwa naye. Mamlaka yake, basi, yalishuka kutoka juu. Utawala wa kibunge, uliokulia Uingereza, uliligeuza jambo hilo. Humo mkuu wa dola humteua Waziri Mkuu, lakini hana hiari kubwa: humteua yule anayeungwa mkono na wabunge walio wengi. Wabunge hao wakimwacha, kazi humtoka. Mawaziri wenzake nao huwajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Neno ni lilelile, lakini mamlaka hupanda kutoka chini.

Kenya iliuonja utaratibu huo kwa muda mfupi. Katika uchaguzi wa Mei 1963 chama cha KANU kilikishinda KADU, na tarehe 1 Juni 1963 Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Hata baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, mkuu wa dola alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Jina lilikuwa la Malkia. Uamuzi ulikuwa wa Baraza la Mawaziri. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuungana na KANU. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, ukuu wa dola na ukuu wa serikali vikatiwa mkononi mwa mtu mmoja, Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa.

Mabaki ya utaratibu wa awali hayakutoweka. Mawaziri waliendelea kutoka Bungeni, na Bunge likabaki na haki ya kupiga kura ya kutokuwa na imani na serikali. Lakini chini ya katiba ya 1969, kura hiyo ikipita, na Rais asipojiuzulu wala kulivunja Bunge katika siku tatu, Bunge lenyewe lilivunjika siku ya nne. Mkuki huo ulikuwa na ncha pande zote mbili.

Istilahi ilifufuka mwaka 2008, kufuatia machafuko yaliyoandama uchaguzi wa Desemba 2007. Raila Odinga aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwezi wa Aprili. Alikuwa mbunge na kiongozi wa upande wenye wabunge wengi, na Bunge ndilo lililoweza kumwondoa; hapo palikuwa na mfanano na 1963. Hata hivyo, kazi yake ilikuwa kuratibu na kusimamia utekelezaji wa shughuli za serikali. Aliyeongoza Baraza la Mawaziri alikuwa Rais Mwai Kibaki. Cheo hicho kilikoma mwaka 2013.

Chini ya katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge; huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge. Magazeti na wananchi waliendelea kumwita "waziri", na hivyo neno likarudi karibu na maana yake ya kale. Mwaka 2022 kikaundwa cheo cha "Mkuu wa Mawaziri". Maneno ni yaleyale mawili, yamepinduliwa tu, lakini mwenye cheo hicho hakutegemea wingi wa wabunge.

Kamusi inayofasiri "Waziri Mkuu" kuwa ni kiongozi wa serikali, bila ya kutaja kipindi, humpa msomaji nusu ya ukweli. Cheo hufahamika kwa mambo mawili: ni nani anayemweka mtu kitini, na ni nani awezaye kumwondoa.