Daftari la Vipimo

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kanyigo, karibu na mpaka wa Uganda. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 vikaacha maduka matupu, na vitu vilivyokosekana dukani vikawa vinavuka mpaka usiku kwa magendo. Katika mizigo hiyo kulikuwa na kitambaa kilichopendwa kuliko vyote, watu wakikiita Juliana. Msichana akiingia kanisani na Juliana, ibada ilikuwa inamtazama yeye. Wengi hawakuwa na fedha ya kukinunua, na wafanya magendo walikubali kulipwa kwa mwili. Baba alikishona bila kuuliza kimepatikanaje.

Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele, serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nakumbuka baba akifukia majora mawili ya kitambaa kibanjani, chini ya migomba, nami nimeshika kibatari huku mkono unatetemeka. Waliokuja kupekua walihesabu sabuni, wakapima vitambaa kwa mita, wakaandika. Dola ilikuwa macho kweli mwaka ule. Ilikuwa inatazama mizigo.

Mwaka huohuo, katika mkoa wetu wa Kagera, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania wa AIDS, ugonjwa ambao haukuwa hata na jina la Kiswahili. Sipendi kuwaonea waliokuwa madarakani. Virusi vyenyewe ndiyo kwanza vilikuwa vimeonekana maabara huko Ufaransa, na kipimo cha damu kilikuja 1985. Lawama yangu haianzii 1983. Inaanzia pale watu walipokwisha kujua.

Na fundi hujua mapema. Baba alikuwa na daftari la kurasa za mistari, jina la mteja upande wa kushoto, vipimo upande wa kulia: bega, kifua, kiuno, urefu. Tangu 1984 nguo alizokwisha kuzishona zilianza kurudi. "Fundi, nipunguzie kidogo hapa kiunoni." Mwanzoni alidhani ni njaa, maana ulikuwa wakati mgumu. Lakini waliorudi walikuwa vijana, wale wenye fedha ya mpakani na wasichana waliopendeza kuliko wenzao. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Gauni lake la Juliana lilikatwa kwa kiuno cha inchi 29. Chini yake, kwa kalamu nyingine, imeandikwa 26. Chini yake tena, 23. Mstari unaofuata una jina lake peke yake, bila kipimo.

Tulimzika kibanjani mwaka 1986. Kaburini ilisemwa ni homa. Baba alikuwa amesimama pale na tarakimu zote kichwani, akanyamaza.

Watu wakauita ugonjwa wenyewe Juliana. Leo naona kwamba jina lile lilitupoza mno. Kama ugonjwa ni wa kitambaa, basi mama asiyekivaa yu salama, mzee asiyekiuza yu salama, katekista yu salama. Ng'ambo, Kasensero, wakati ule katika wilaya ya Rakai huko Uganda, walikuwa wanazikana vilevile, na kule ilisemekana ni uchawi wa Watanzania waliodhulumiwa kwenye magendo. Sisi tuliona umetoka kwao kwa nguo, wao waliona umetoka kwetu kwa ulozi. Nilipokwenda kusoma nje ya mkoa, wanafunzi wenzangu waliuita ugonjwa wa Bukoba na kunisogezea dawati mbali. Walilala usingizi wao vizuri. Kumbe kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa.

Mei mwaka huo, Waziri wa Afya wa Uganda, Ruhakana Rugunda, alisimama Geneva kwenye mkutano wa afya wa dunia akasema bila kificho kwamba nchi yake ina ugonjwa huu na inahitaji msaada. Nchi ile ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, serikali yake haina hata miezi sita. Mfano ulikuwa ng'ambo ya mpaka wetu.

Kwetu ushahidi ulipatikana mwaka uliofuata. Utafiti wa 1987 ulionyesha kuwa takriban robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana virusi. Robo! Hesabu hiyo ilitosha kuamsha nchi nzima, lakini mazungumzo yakahamia mahali pengine. Viongozi wa dini na wa serikali wakabishana kuhusu kondomu miaka na miaka. Vijana wakachukua herufi za AIDS wakazifanyia mzaha: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Nimeisikia vijiweni, nimeisikia kwenye mabasi, watu wakicheka, na mimi nikijua makaburi mangapi mapya yako njiani kutoka kwetu hadi kanisani.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999. Miaka 16 tangu wagonjwa wale watatu. Kufikia hapo baba alikuwa ameacha kushona magauni. Kazi iliyokuwa ikimlisha ilikuwa vitambaa vya kutandika ndani ya majeneza.

Alinikabidhi daftari mwaka mmoja kabla hajafa. Akasema alitaka kulipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya tangu 1985, akaona haya: fundi wa kijijini ataonyesha nini wasomi? Nimelihesabu jina kwa jina. Wateja 41 wana kipimo kinachopungua mara mbili au zaidi kisha kinakatika.

Ndugu zangu wa Kagera, kama nyumbani kwenu kuna daftari la aina hii, la fundi, la duka, la kikundi cha kuzikana, msilitumie kuwashia moto wa kupikia. Lileteni lihifadhiwe.